Uzoefu wangu: Shule ya mtindo wa Waldorf, Malindi, kwa upande wa kazi za mzazi

Nyota nne kati ya tano. Nina watoto wawili katika shule ndogo ya mtindo wa Waldorf (ufundishaji unaotilia mkazo sanaa na kazi za mikono) hapa Malindi, mmoja chekechea na mwingine Gredi ya 3. Jina la shule silitaji, kwa sababu ninayoyaandika yanahusu zaidi namna shule za aina hii zinavyomtegemea mzazi. Habari za walimu kuwa wapole na uwanja kuwa na miti utazipata kwa kila mtu, na ni kweli. Ambalo watu hawakwambii siku ya kuandikisha mtoto ni kwamba karo ni nusu ya malipo. Nusu ya pili ni mikono yako, Jumamosi zako na baadhi ya jioni zako.

Hilo halikuzuka Malindi. Shule ya kwanza ya Waldorf ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, Septemba 1919, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria. Mkuu wa kiwanda, Emil Molt, ndiye aliyemwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aianzishe. (Ndiyo, sigara. Wazazi wapya wakilisikia hilo hucheka.) Shule hizi kwa desturi hazina mwalimu mkuu wa kutoa amri. Walimu huamua mambo kwa pamoja, na mwalimu wa darasa hupanda na watoto wale wale kuanzia darasa la kwanza, ikiwezekana mpaka la 8. Kwa mzazi, maana yake ni kuwa utashughulika na mtu mmoja miaka mingi, atakayeijua nyumba yako na wanaokaa ndani yake. Mkipatana, ni raha. Msipopatana, hakuna mwaka mpya wa kuwatenganisha, kwa hiyo zungumza naye mapema, kabla jambo halijawa zito.

Muhula huanza kwa mkutano wa wazazi wa darasa. Tenga saa mbili, na usiende ukidhani utakaa kimya nyuma. Mwalimu anaeleza somo kuu, lile la asubuhi linalochukua karibu saa mbili na kufuatwa kwa wiki tatu au nne kabla ya kuhamia jingine, kisha anawapa wazazi wafanye wenyewe kinachofanywa na watoto. Mara nyingi ni rangi za maji: karatasi nene inaloweshwa kwenye karai, inatandazwa ubaoni na kufutwa kwa sponji mpaka isibaki na vidimbwi, halafu unapaka nyekundu, njano na buluu bila kuchora kwanza kwa penseli. Karatasi ikiwa na maji mengi rangi zote zinakuwa tope, ikikauka mno zinabaki na kingo kali. Ukiisha kuharibu karatasi moja hutamuuliza tena mtoto kwa nini haleti picha ya nyumba yenye madirisha. Sehemu hii baadhi ya wazazi huiona mchezo na hufika imeshakwisha. Wanakosa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto wa Gredi ya 1 hana kitabu cha kiada na anatengeneza daftari lake mwenyewe la masomo.

Saa ya mkutano ni tatizo kwelikweli katika mji huu. Watoto wengi wana madrasa alasiri. Mkutano ukiwekwa saa kumi na mbili jioni, akina baba wanakwenda msikitini Magharibi na akina mama wako jikoni. Ukiwekwa baada ya Isha, nusu ya watu wamebeba watoto waliolala. Jumamosi saa tatu asubuhi ndiyo iliyofaa, watoto wakiangaliwa uwanjani na mzazi mmoja au wawili kwa zamu. Mwezi wa Ramadhani usiwekwe kitu chochote zaidi ya mkutano mfupi.

Kazi kubwa ya wazazi wa chekechea ni jikoni. Kila siku ya wiki ina chakula chake ambacho hakibadiliki, na mtoto asiyejua bado majina ya siku anazijua kwa sahani. Ulaya wana siku ya shayiri na siku ya oti. Hapa ni uji wa wimbi, uji wa mtama, mahindi, wali wa nazi, na siku moja mihogo au pojo. Ukipangiwa zamu ya uji kwa watoto 20, chukua lita 5 za maji na gramu 700 za unga wa wimbi. Lita moja ya maji hayo ibaki baridi, ukorogee unga humo mpaka mabonge yaishe, halafu ndipo umimine kwenye lita nne zinazochemka, huku mwiko haupumziki. Dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo. Wanaomwaga unga mkavu kwenye maji ya moto huishia kuchuja mabonge watoto wakiwa wameshanawa mikono. Kwa wali, kilo moja na nusu ya mchele na nazi tatu zinatosha, na njoo na mbuzi yako kutoka nyumbani, kwani ya shule haina meno tena.

Sukari hairuhusiwi. Tamu inatoka kwa ndizi mbivu iliyopondwa au embe msimu wake ukifika. Wako wazazi wanaotia vijiko vichache kwa siri, kwa huruma, na matokeo yake ni kwamba kesho yake mwenye zamu anapika uji wa haki na watoto wanausukuma mbali. Kama huwezi kufuata sharti hilo, omba zamu ya kuosha vyombo.

Jioni za kazi za mikono ndizo ninazozipenda, na ndizo zinazoonyesha wapi mtindo huu unahitaji kushonwa upya kwa pwani. Mdoli wa Waldorf kwa kawaida hujazwa sufu ya kondoo na kuvikwa kitambaa cha fulana. Sufu safi hapa ni ya kuagiza kutoka bara, ni ghali, na katika unyevu huu nondo huila. Tulichotumia ni sufi ya mti, ile ya magodoro na mito. Kwa mdoli wa sentimita 30, kichwa kinataka mzingo wa sentimita 25 hivi. Usikijaze sufi tupu, kwa kuwa haina nguvu ya kurudi na baada ya wiki chache shingo inalegea na kichwa kinaangalia chini. Anza na mpira mgumu wa vipande vya fulana kuukuu, uuviringe na kuuvuta kwa nguvu, zungushia sufi nje kidogo tu, kisha vika kitambaa na ufunge uzi mzito mara mbili kwenye mstari wa macho mpaka uzame. Mwili na miguu ijazwe sufi peke yake. Fanyeni kibarazani upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda nje, na wenye pumu wapewe kushona nguo, kwa sababu nyuzi za sufi huingia puani. Na mdoli wa namna hii haufuliwi kwa kuloweshwa, ukilowa sufi hushikana mabonge. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, anika kivulini.

Fulana za mitumba zinafaa kwa ngozi ya mdoli, na rangi ya kahawia inapatikana kwa chai kali na chumvi. Waambie wazi walimu kuwa mnataka wadoli wenye rangi ya watoto wa darasani. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Kalamu za nta ya nyuki nazo zina mambo yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo chumbani haitayeyuka, lakini kwenye joto la Februari inalainika na kalamu za bapa zinashikana, na zikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani unarudi kukuta keki moja ya rangi tano. Mfuko wa kitambaa wenye vyumba unasaidia kuliko kopo la bati. Nta ya kufinyanga, kinyume chake, hapa ni rahisi: mtoto wa Ulaya huipasha moto kwa viganja muda mrefu, wa Malindi anaanza kufinyanga mara moja.

Ufumaji wa Gredi ya 1 hufanywa kwa uzi wa sufu na vijiti vya mbao ambavyo mzazi huvichonga na kuvisugua kwa msasa. Uzi wa pamba unapatikana kirahisi ila hauvutiki, na mishono ya mtoto hukaza mpaka kijiti hakiingii. Mpe vijiti vinene zaidi. Ningependa kuona ukili ukipewa nafasi kubwa kuliko sasa. Mzazi anayejua kusuka mkeka yupo karibu kila darasa, na hajaombwa.

Matengenezo ya shule siandiki kwa urefu. Wazazi hukutana kabla ya masika, Machi, kurekebisha makuti na mifereji. Asiyeweza kupanda juu huleta chakula, na mwisho watu hula kikoa chini ya mwembe. Huko ndiko utakakoijua shule kweli, kuliko mikutanoni.

Sikukuu ndizo zinazozua maneno. Kalenda ya Waldorf imetoka Ulaya ya Kikristo: Mtakatifu Mikaeli tarehe 29 Septemba, matembezi ya taa ya Mtakatifu Martin tarehe 11 Novemba, wakati kwao siku zinafupika na giza linaingia mapema. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua letu halibadilishi saa zake kiasi cha mtoto kugundua. Baada ya wazazi kuhoji, matembezi yalibaki lakini mtakatifu akaachwa, ikawa jioni ya taa, na kila nyumba inaleta wimbo wake. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Kuhusu dini kwa jumla: falsafa ya Steiner, anthroposofia, haifundishwi watoto kama somo, lakini beti za asubuhi humtaja Mungu na walimu huongozwa na fikra hizo. Omba usomewe beti hizo kabla ya kulipa, uamue mwenyewe.

Taa zenyewe: karatasi iliyopakwa rangi na kusuguliwa mafuta ya kupikia hupendeza, lakini upepo wa ufukweni huiangusha juu ya mshumaa na moto unashika. Chupa ya jemu ni bora. Ibandike vipande vya karatasi laini ya rangi kwa gundi ya unga wa ngano, tia mchanga sentimita 2 chini, chomeka mshumaa mfupi humo, na shingo uifunge waya wenye mshikio mrefu ili mkono wa mtoto uwe mbali na joto. Tembeeni mbali na paa lolote la makuti, na mtu mzima wa mwisho awe na ndoo ya maji.

Sasa ile nyota niliyoikata. Shule inadai saa za kujitolea kila muhula, na asiyeweza hulipa badala yake. Kwa maandishi ni haki. Kwa vitendo, wenye ajira hulipa, baba wengi huhesabu kuchangia pesa kuwa wameshatimiza, na kazi ya jikoni, kushona na kufagia huwaangukia akina mama wale wale, kwa kuwa wanaonekana wako nyumbani. Anayeuza mahamri alfajiri naye ana kazi. Daftari la zamu lingewekwa ukutani pasingekuwa na maneno.

Pia kuna suala la mitihani. Darasani hakuna alama, ripoti ni maelezo ya mwalimu, na kusoma huanza polepole kuliko shule nyingine. Hiyo sawa, mradi uulize kama mtoto anasajiliwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kwa ajili ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, na uone usajili wenyewe. Anayefikiria kumhamisha mtoto asingoje mpaka karibu na mtihani huo.

Na kwa kuwa hakuna mwalimu mkuu, lalamiko linaweza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp mpaka likachakaa bila mwenye kulijibu. Liandike kwa barua yenye tarehe, nakala moja kwa mwalimu wa darasa, nyingine kwa mwenyekiti wa wazazi, na uombe lijibiwe kabla muhula haujafungwa.