Jukwaa lipi la duka la mtandaoni ulilipie? Anzia kwenye malipo

Kuna mama anauza khanga na vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwanawe alimfungulia duka la mtandaoni kwenye jukwaa moja la nje, likapendeza kweli: picha safi, rangi zimetulia, jina la duka limekaa juu kwa herufi kubwa. Aliniita nilitazame kabla hajaanza kulitangaza. Tukakaa nyuma ya majora, tukajifanya wateja. Tukachagua doti moja, tukaiweka kikapuni, tukaenda kulipa. Fomu ikataka jimbo, ikataka postikodi, mwisho ikataka namba ya kadi. Hapakuwa na sehemu yoyote ya kulipa kwa simu.

"Mwanangu," akaniambia, "mteja wangu wa Tandahimba kadi ataitoa wapi?"

Alikuwa ameshalipia mwaka mzima. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza ajenge duka kwa jukwaa gani, namuuliza kwanza wateja wake wanalipaje. Majukwaa yote yanatangaza templeti nzuri, yaani sura za duka zilizo tayari. Templeti utabadilisha hata mwakani, ila pesa ikikosa mlango wa kuingilia, huna duka.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, mteja wetu amezoea kulipa kwa simu. Leo hapa kwetu kuna M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa. Duka linaweza kupokea malipo hayo kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Ya kwanza ni kuandika lipa namba yako (Kenya wanasema till) kwenye ukurasa wa malipo. Mteja analipa, anapiga picha ya ujumbe wa muamala, anakutumia, na wewe unafungua simu kuhakikisha pesa imeingia. Kwa oda tano kwa siku inatosha. Zikifika arobaini utachanganyikiwa, na hapo ndipo matapeli wa ujumbe wa kughushi wanapopenyea. Usitoe mzigo kwa picha ya ujumbe hata siku moja, angalia salio lako mwenyewe.

Ya pili ni malipo yanayojiendesha. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye duka, simu yake inaleta ombi la kuweka namba ya siri, anaweka, na oda inajiandika yenyewe kwamba imelipwa. Ili uipate unahitaji kampuni ya kati inayounganisha duka na mitandao ya simu, kama Selcom, Pesapal au DPO. Kwa Kenya, mwenye fundi mzuri anaweza pia kuunganisha moja kwa moja na Safaricom kupitia mfumo wao wa Daraja. Kabla ya kuchagua jukwaa piga simu kwenye kampuni hizi uulize mambo matatu: wanakata kiasi gani kwa kila muamala, pesa inakaa siku ngapi kabla ya kuingia benki, na je, wana kiunganishi kilicho tayari kwa jukwaa unalolitaka? Jiandae pia na TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na akaunti ya benki. Watu wengi hulipia jukwaa kwanza halafu wanakwama kwenye karatasi hizi wiki kadhaa, huku siku walizozilipia zinakwisha.

Jambo la pili ni usafirishaji. Majukwaa mengi yametengenezwa kwa nchi ambazo kila nyumba ina namba na postamani anaijua. Mteja wetu anakuelekeza "shuka kituo cha sheli, ingia na barabara ya vumbi, ulizia kwa Mama Fulani." Kwa hiyo fomu lazima ikubali postikodi iachwe wazi, na lazima iwe na sehemu kubwa ya maelezo na namba ya simu isiyorukwa. Jukwaa liweze pia kupanga bei kwa eneo: bodaboda ndani ya Dar es Salaam bei yake, kifurushi cha basi kwenda Mbeya au Mwanza bei yake. Kama linaruhusu bei moja tu ya kusafirisha kwa nchi nzima, utaumia wewe au ataumia mteja wa Sinza anayelipia nauli ya Bukoba.

Mengine nitayapitia haraka. Stoki ijipunguze yenyewe kila unapouza, la sivyo utauza doti ya mwisho kwa watu wawili. Bidhaa moja iweze kubeba saizi na rangi nyingi, tena kila moja na idadi yake. Maneno kama "weka kikapuni" na "lipia hapa" uweze kuyaandika kwa Kiswahili. Na ulifungue duka kwenye simu ya bei ndogo kwa bando la kawaida, sio kwenye kompyuta ya fundi yenye intaneti ya ofisini. Duka likichelewa, mteja hakupigii simu kulalamika. Anafunga tu na kuondoka.

Kwa vipimo hivyo, hivi ndivyo ninavyoyapanga.

Nafasi ya kwanza naipa WooCommerce. Ni programu ya bure inayopachikwa juu ya WordPress, mfumo unaoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni iliyokuwa na makao yake Cape Town, kabla ya kununuliwa na Automattic ya Marekani mwaka 2015. Nikiwaambia wafanyabiashara kwamba mizizi yake iko Afrika Kusini, huwa wanashangaa na kufurahi, nami hufurahi nao. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: WooCommerce yenyewe haikukati asilimia ya mauzo. Unalipia domeni (anwani ya duka lako mtandaoni), unalipia hosti (kompyuta ya kukodi ambamo tovuti inakaa), unalipa makato ya kampuni ya malipo, basi. Pesapal wana kiunganishi chake. Mikoa ya Tanzania imo tayari ndani ya orodha ya maeneo, na sehemu za fomu usizozihitaji fundi anaweza kuziondoa. Hosti ikikuudhi, unabeba duka lako zima na kuhamia kwingine.

Bei yake ya kweli ni matunzo. WordPress na programu-jalizi zake (viongezo vya kuipa kazi mpya) zinahitaji kusasishwa mara kwa mara, na duka lililoachwa miezi sita bila kuguswa ni mlango ulioachwa wazi usiku. Unahitaji mtu, awe kijana wako au fundi wa kulipwa kwa mwezi, wa kusasisha, kuchukua nakala ya akiba kila wiki na kuihifadhi nje ya hosti hiyohiyo. Usipachike kila programu-jalizi unayoiona. Nimeona duka la bidhaa thelathini lenye programu-jalizi hamsini, likichukua muda wa kuchemsha chai kufunguka. Kama huna mtu wa kulitunza, nenda nafasi ya pili.

Ya pili ni Shopify, kampuni ya Kanada iliyoanza mwaka 2006 baada ya waanzilishi wake kuhangaika kujenga duka lao la kuuzia mbao za kuteleza kwenye theluji. Inaonekana wazi ilijengwa na watu waliowahi kuuza. Dashibodi yake, yaani ukurasa wa kuendeshea duka, ni nyepesi hata kwa asiyejua kompyuta, usalama na usasishaji ni juu yao, na duka halianguki hata siku ya punguzo kubwa. Kama unauza vikapu vya ukili au batiki kwa wateja wa Ulaya na Marekani wanaolipa kwa kadi, hii inaweza kukufaa kuliko WooCommerce.

Kwa anayeuza ndani, piga hesabu kwa makini. Kifurushi cha Basic kimekuwa kikitangazwa kwa dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima. Hiyo ndiyo bei ambayo kila mtu anaiona. Isiyoonekana haraka ni hii: mfumo wao wenyewe wa malipo, Shopify Payments, haupo Tanzania wala Kenya. Ukitumia kampuni nyingine ya malipo, Shopify wanakata asilimia 2 ya kila mauzo kwenye kifurushi cha Basic, juu ya makato ya kampuni hiyo. Ukiuza shilingi milioni 10 kwa mwezi, laki mbili zinakwenda huko. Kwa mwaka ni milioni mbili na laki nne, na kwa bidhaa yenye faida nyembamba hiyo ni pesa ya kodi ya fremu. Programu za ziada nazo nyingi zinalipiwa kila mwezi kwa dola. Halafu ada yenyewe inakatwa kwenye kadi, kwa hiyo hakikisha benki imeiruhusu kadi yako kununua mtandaoni na ina salio tarehe ya makato, maana ada isipolipwa duka linafungiwa.

Ya tatu ni WhatsApp Business. Nimeiweka hapa kwa heshima zote. Programu hii ilitoka mwaka 2018, katalogi yake (orodha ya bidhaa kwa picha) ikaja 2019, inachukua hadi bidhaa 500 na haina ada. Mteja anaijua tayari, hana cha kujifunza. Kwa mwenye bidhaa chini ya thelathini na oda chache kwa siku, namshauri aanze hapa na asimlipe mtu yeyote chochote kwa miezi mitatu ya kwanza. Panga katalogi vizuri, andika bei (tafadhali, andika bei, habari ya "njoo inbox" inawachosha watu), tumia lebo kutenganisha waliolipa na wasiolipa. Udhaifu wake ni kwamba haihesabu stoki, malipo unayakagua kwa mkono, na kila kitu kinategemea namba moja ya simu. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram vilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima. Aliyekuwa na duka huko tu alikaa akitazama simu. Weka orodha ya wateja wako kwenye daftari au faili lako mwenyewe.

Ya nne ni Wix. Kwa mgahawa au saluni inayotaka ukurasa wa kupendeza ni nzuri, kuvuta na kupanga vitu ni rahisi mno. Kama duka, inanitia mashaka kwa jambo moja: tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba ukaipeleka hosti nyingine. Orodha ya bidhaa unaweza kuitoa, nyumba yenyewe inabaki kwao. Na ili upokee malipo ni lazima uwe kwenye kifurushi cha kulipia, kile cha bure ni cha kuonyesha tu.

Ya mwisho kabisa ni mfumo wa kuandikiwa na fundi kuanzia mwanzo. Wapo mafundi hodari sana nchini, na kampuni kubwa zenye mahitaji ya pekee zinawahitaji. Muuzaji wa kawaida ajiepushe. Mimi mwenyewe niliwahi kumlipa kijana mmoja ajenge duka la viatu vya familia yetu. Alifanya kazi nzuri, kisha akapata ajira mbali na simu yake ikaacha kupokelewa. Hosti ilikuwa kwa jina lake. Domeni ilikuwa kwa jina lake. Siku domeni ilipokwisha muda hatukuweza hata kuilipia, na anwani tuliyokuwa tumeichapisha kwenye mifuko elfu moja ikafa. Mifuko ile tuliitumia kwa kubandika karatasi juu ya anwani, mmoja mmoja.

Kwa hiyo jukwaa lolote utakalochagua, domeni isajili mwenyewe, kwa jina lako au la biashara, na barua pepe unayoifungua wewe. Ya .co.tz na ya .co.ke zote zina mawakala wa usajili walioidhinishwa. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, usimpe umiliki. Kumbuka pia kwamba majina, simu na anwani za wateja unazozikusanya zina sheria: Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ni ya mwaka 2019. Jukwaa likuwezeshe kuzifuta taarifa za mteja akiomba.

Mama wa Mtaa wa Kongo tulimhamishia WooCommerce. Kwenye fomu tulibakiza jina, simu, mkoa na sehemu ya maelekezo. Kabla ya kulifungua tuliweka bidhaa ya majaribio ya shilingi 1,000, nikamwomba jirani yake muuza mikoba aje na simu yake aniambie kila anapokwama. Alikwama mara mbili, tukarekebisha, akarudia. Aliponunua, simu yake ikaleta ombi la namba ya siri na oda ikajitokeza kwa mama ikiwa imelipwa. Kisha tukajaribu kumrudishia jirani elfu moja yake, maana siku mteja atakapopokea doti yenye tundu ni lazima ujue kitufe kiko wapi. Fanya jaribio hilo wakati bado uko kwenye siku za majaribio au umelipia mwezi mmoja tu, na umtumie mtu asiyejua kompyuta.