Uzoefu wangu: mafunzo ya bure ya simu na kompyuta, Manyatta, Kisumu

Madarasa haya yanaendeshwa na vijana wa kujitolea kila Jumamosi. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni zamu ya wazee, mchana ni watoto. Nimeyafuata wiki sita, pande zote mbili. Kwa wazee nayapa alama zote. Kwa watoto kuna jambo la kurekebisha, nalo ni lile lile linalofanya darasa la wazee lifaulu: mkono wa nani umeshika kifaa.

Sheria ya asubuhi ni kwamba mwalimu hagusi simu ya mtu. Anaelekeza kwa mdomo, mzee anabonyeza. Na kipindi cha kwanza hakihusu M-Pesa hata kidogo, ni cha kuiweka simu imfae mwenyewe. Maandishi yanakuzwa. Kisha kwenye Mipangilio, upande wa Ufikivu, muda wa kugusa na kushikilia unaongezwa. Hilo dogo ndilo lililoondoa malalamiko mengi. Mzee hubonyeza polepole na kukiacha kidole pale. Simu inadhani ameshikilia, alama ya WhatsApp inang'oka mahali pake, naye anasema imepotea. Haijapotea, imehamishwa tu. Tena ngozi iliyokakamaa kwa jembe huwa kavu, na kioo hakiihisi vizuri. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kulainisha ncha ya kidole.

Ndipo *334#, nambari ya kufungua menyu ya M-Pesa. Inafanya kazi hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, na haihitaji data, ila ukikawia menyu inajifunga na unaanza upya. Kwa hiyo hatua zinachorwa kwanza kwenye kadi: kutuma pesa, nambari, kiasi, PIN. Mzee anazipitia kwa kidole mara tatu nne kabla hajashika simu. Mazoezi ni ya shilingi 10 kwa jirani wa kiti, maana kutuma kiasi kisichozidi shilingi 100 hakukatwi ada. Jina la mpokeaji likijitokeza, linasomwa kwa sauti. Ikifika PIN, mwalimu anageuka. Jumamosi moja msaidizi mgeni alichukua simu ya mama mmoja ili amharakishie, akamwuliza PIN. Kiongozi alisimamisha somo pale pale, na PIN ikabadilishwa kabla ya kuendelea. Alifanya vyema sana. Mzee anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hastahili kuzoeshwa kutaja PIN mbele ya watu.

Kuhusu matapeli wanafundisha kwa ufupi na kwa uhakika. Meseji ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu, na hata hivyo angalia salio kabla ya kumrudishia mtu chochote. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, hupiga kwa 0722 000 000. Meseji ya tapeli itume 333. Pesa ikienda kwa mtu siye, meseji ya uthibitisho itume 456 mara hiyo hiyo, maana mpokeaji akishazitoa kwa ajenti kazi inakuwa ngumu.

Mchana ni Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto hupanga maagizo, na paka aliye kwenye skrini huyafuata akichora mstari anapopita. Wanatumia ile ya kusakinishwa, isiyohitaji intaneti, na lugha wameiweka Kiswahili. Mraba ni rahisi: rudia mara 4, sogea hatua 100, geuka nyuzi 90. Kazi iko kwenye pembetatu. Karibu kila mtoto huandika 60, kwa kuwa ndiyo pembe ya ndani aliyofundishwa shuleni, na paka huishia kuchora nusu ya umbo la pande sita. Jibu ni 120, kwa sababu paka hugeuka kutoka uelekeo aliokuwa akienda. Mwalimu aliwatoa kwenye kompyuta, akachora pembetatu sakafuni kwa chaki. Msichana mmoja akatembea mstari hadi kona, akageuka mpaka akautazama upande wa pili. Wenzake wakaona amezunguka kupita robo, wakapiga kelele "mia na ishirini!"

Shida ni laptopu nne kwa watoto kumi na sita. Kipanya kinabaki kwa aliye mwepesi, watatu wanatazama. Chaki ile ile ingewasaidia: wawili kwa kila laptopu, wanane waliobaki sakafuni, na zamu ibadilike kila dakika saba. Kila zamu ianze kwa kuhifadhi kazi. Scratch ya kusakinishwa haijihifadhi yenyewe, na laptopu yenye betri iliyokufa huzima stima ikipotea. Wiki ya tatu kazi ya saa nzima ilienda hivyo.

Ukimpeleka mzee, simu iwe na chaji, laini iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, M-Pesa iwe na shilingi 20, na miwani asiisahau. Wewe mtoto au mjukuu, msubiri nje mpaka saa tano.