Michezo ya vita vya anga za mbali: kipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Hii ni michezo ya mezani, inayochezwa kwa vijisanamu na dadu, na bei ya kisanduku peke yake haitoshi kukuongoza. Piga hesabu mpaka siku watu wawili wanapokaa mezani na kurusha dadu: usafiri, ushuru, VAT ya 18% inayotozwa juu ya hivyo vyote, gundi, vifaa na rangi. Makopo ya rangi ya kupuliza na gundi ya majimaji ya kuunganishia plastiki hushika moto, na mizigo ya ndege huyabana, kwa hiyo usiyategemee kwenye oda.

1. BattleTech, kisanduku cha A Game of Armored Combat. Ndani kuna roboti 8 za vita zilizokwisha kuunganishwa, ramani za karatasi zenye vyumba vya pembesita, dadu na kanuni. Huhitaji gundi wala kisu. Mchezo umekuwapo tangu 1984 na kanuni zake za msingi hazijabadilika sana, hivyo kisanduku hakitageuka kimeo baada ya miaka mitatu. Wengi hukwama kwa kuanza na roboti nne kila upande: kila moja ina karatasi yake ya silaha, deraya na joto, na jioni inaisha mapigano hayajakolea. Anza na moja kila upande, kisha mbili. Zitolee fotokopi karatasi hizo kabla ya kuziandika, maana raba huzichana. Beginner Box ina roboti 2 na kanuni zilizopunguzwa. Inafaa kuonja tu.

2. Grimdark Future: Firefight, mapigano ya askari wachache kila upande. Kanuni za msingi ni za bure kwenye tovuti ya One Page Rules, na unatumia kijisanamu chochote ulicho nacho. Kama huna, chapa picha za askari kwenye manila pale stesheneri, zikunje, uzisimamishe juu ya vizibo vya soda. Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi ukingoni, sawa na kitako cha askari wengi wa plastiki. Kijaze mchanga na gundi nyeupe ya mbao ili upepo wa ziwa usikiangushe. Mchanga wa ufukweni uchekeche, uoshe na uanike kwanza. Wenye tope hubanduka.

3. Kill Team, mapigano ya vikosi vidogo kwenye ulimwengu wa Warhammer 40,000. Vijisanamu ni vizuri kuliko vyote hapa, lakini vinakuja vipande vipande kwenye fremu ya plastiki, uvikate na kuviunganisha mwenyewe. Nunua plaizi ndogo ya kukatia nyaya na ukate mara mbili: kwanza mbali na kiungo, kisha karibu, la sivyo plastiki inapauka na kumeguka. Supa gluu inashika, ila tone liwe dogo kama ncha ya kijiti cha meno. Likizidi, mvuke wake huacha ukungu mweupe, hasa hewa ikiwa na unyevu. Uwanja ni inchi 22 kwa 30, na shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatoa mbao 6.

Rangi ndipo mji huu unapoleta kazi. Praima ya kupuliza, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ipige asubuhi kavu, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kijisanamu. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, rangi hufifia. Jua likiwa kali na upepo unavuma, hukauka hewani na kutua kama vumbi, ikafunika nyuso zote. Usiku funga dirisha: vidudu vya ziwani vinavyofuata taa hunasa kwenye rangi mbichi, na ukiving'oa vinaondoka na rangi.

Miamba ya kupamba uwanja wa mezani usinunue. Kokoto za graniti zikipangwa kama Jiwe la Bismarck zinatosha. Makasha meupe ya minofu ya sangara nayo yanachongeka vizuri, ila rangi ya kupuliza na supa gluu huyala. Tumia rangi ya maji na gundi ya mbao.

4. Jeshi kamili la Warhammer 40,000. La mwisho kununua. Ni askari wengi, meza kubwa, na matoleo mapya ya kanuni yalitoka 2017, 2020 na 2023.

Riwaya za ulimwengu wa michezo hii zinunue za kielektroniki. Zinasomeka kwenye simu na hazina nauli. Upande wa Warhammer anza na Xenos ya Dan Abnett (2001), ambayo haidai ujue lolote kabla. Mfululizo wa Horus Heresy, ulioanza 2006, una vitabu zaidi ya 50, usianzie huko. Wa BattleTech asome Decision at Thunder Rift ya William H. Keith (1986).