Kitabu cha 1935 chenye chati saba: anza kukikagua kutoka nyuma

Jamani, kimefika! Karibuni, na usitoke kabla sijafika kurasa za mwisho. Ni *Shakespeare's Imagery and What It Tells Us* cha Caroline Spurgeon, mhakiki wa fasihi aliyechunguza taswira katika tamthilia za Shakespeare, Cambridge, 1935. Habari za jalada na aina ya karatasi mnazijua, naziruka.

Twende nyuma moja kwa moja. Nakunjua polepole, maana vitabu vya umri huu huanza kuchanikia kwenye mkunjo. Haya, ona! Chati! Mama huyu hakuwa na kompyuta. Alipitia tamthilia akihesabu tashbihi na sitiari, kila moja akaiuliza: umetoka wapi? Kwa wanyama? Jikoni? Baharini? Sogea karibu na kamera. Huyu ni Shakespeare: mimea, wanyama, mambo ya nyumbani, ndiyo yaliyopanda. Sasa naweka ya Marlowe, mwandishi mwingine wa tamthilia wa zama zile, pembeni. Umeona? Vitabu vya Wagiriki na Warumi, jua, mwezi, nyota. Na hawa wote wawili walizaliwa 1564! Ipo na ya Bacon, mwanafalsafa wa zama hizohizo. Anayekuambia Bacon ndiye aliyeandika tamthilia za Shakespeare, mtandikie chati hizi mezani.

Ila kuna sehemu inaniudhi. Spurgeon anatoka kwenye hesabu anaingia kwenye tabia za Shakespeare mwenyewe, eti alichukia kelele na harufu mbaya. Mama, hayo si maneno ya wahusika? Nilitaka kukishusha daraja kwa hilo. Halafu nikafika kwenye tamthilia ya *Macbeth*, anapoonyesha nguo zisizomtosha mvaaji zinavyojirudia tangu mwanzo wa mchezo, mfalme aliyeiba kiti, ndani ya joho la mwenziwe. Hapo nimesalimu amri.

Bei? Mkitaka nafuu, kitabu kingine juu ya Shakespeare, *Shakespearean Tragedy* cha mhakiki Bradley, 1904, kimechapwa tena na tena, hakikusumbui kukipata. *The Elizabethan Stage* cha Chambers, 1923, kuhusu maigizo ya zama za Shakespeare, ni juzuu nne nzito. Gharama ya posta peke yake itakuumiza. Hiki cha Spurgeon kiko katikati, lakini kikikosa chati usilipe bei ya kizima. Mwambie muuzaji azikunjue zote saba, akupigie picha. Mmoja aliniambia "kitabu kizima" na chati mbili zilikuwa zimenyofolewa, nikamrudishia.

Wiki ijayo nafungua Bradley. Mwenye nakala ya zamani yenye maandishi ya mwanafunzi pembezoni, niandikieni hapo chini, nataka kuyasoma hewani.