Model 19 yangu baada ya mtutu kupita kwa fundi

Model 19 yangu niliinunua mkononi, hapa Texas. Ni rivolva ya Smith & Wesson inayopiga risasi kali aina ya .357 Magnum, toleo lililoanza kutoka 1955, na hii yangu ina mtutu wa inchi 6. Triga laini, mizani nzuri mkononi, lakini kwenye yadi 25 risasi zilikuwa zinatawanyika, na aliyesimama kando yangu kwenye uwanja wa shabaha alikuwa anarukiwa na chembe za moto. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kutafuta mtutu mpya. Mimi nasema subiri kwanza. Mpe fundi bunduki mwenye vipimo aukague ulio nao, hasa pale risasi inapoingilia na pale inapotokea.

Fundi wangu alianza kwa kuingiza kipande cha madini laini ya risasi kwenye mdomo wa mbele, akanipa ufito wa shaba nikisukume mwenyewe. Kilikwenda vizuri mpaka pale mtutu ulipokazwa kwenye fremu, yaani kiunzi cha rivolva, kikagoma. Nyuzi za skurubu zilikuwa zimeubana mtutu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kila risasi ilikuwa inaminywa hapo, kisha inatoka kwenye sehemu pana ikiwa imekonda, haishiki sawasawa michirizi ya ndani ya mtutu inayoizungusha. Alipasugua kwa dawa ya kusagia, akanirudishia ufito. Safari hii kikapita moja kwa moja.

Halafu akachonga upya mdomo wa nyuma, ule wenye umbo la faneli unaopokea risasi kutoka kwenye silinda (ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi), kwa digrii 11. Mtutu haukufunguliwa: kisu kinakaa nyuma na kinavutwa kwa ufito uliopitishwa kutoka mbele. Akasawazisha na ukingo wa mbele. Nafasi kati ya silinda na mtutu aliipima kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ikawa milimita 0.15, akaiacha kama ilivyo.

Nililipa zaidi kidogo ya dola 200 na sijutii hata senti. Kundi la risasi lililokuwa linajaa kiganja sasa linafunikwa na kikombe cha kahawa, na jirani yangu uwanjani harukiwi tena na kitu. Kilichoniudhi ni kwamba kazi ilichelewa sana kuliko tulivyokubaliana, na simu haikuwa inapokelewa.

Kuhusu uimara, hapa tuelewane. Kwenye Model 19 za zamani, sehemu ya nyuma ya mtutu imekatwa bapa upande wa chini ili silinda ifungike, na chuma hapo ni chembamba. Risasi nyepesi za greni 125 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) zenye kasi kubwa zinajulikana kwa kupasua hapo hapo. Kuchonga hakuongezi chuma, kunakipunguza, kwa hiyo mwambie fundi achukue kidogo iwezekanavyo. Mimi natumia .38 Special, risasi dhaifu zaidi inayoingia kwenye rivolva hiyo hiyo, kwa mazoezi, na nikitaka Magnum ni greni 158 tu. Anayetaka kupiga Magnum kali kutwa nzima achukue Model 686, rivolva nyingine ya kampuni hiyo hiyo, fremu yake ni nene zaidi.

Kila baada ya kusafisha, mulika tochi upande huo wa chini. Ukiona ufa, hakuna fundi wa kuuziba. Mtutu unabadilishwa, na mitutu ya asili ya matoleo ya zamani ni adimu.