Process Explorer: ilivyomnasa mgeni aliyekuwa anakula LUKU yangu

Kilichonishtua kwanza ni LUKU. Uniti zilizokuwa zinatufikisha mwisho wa mwezi hapa Nyegezi zikaanza kukata wiki nzima kabla, na mama Neema akawa ananitazama mimi tu. Pasi ileile, friji lilelile, kitu kipya ndani ya nyumba ni kompyuta yangu: deskitopu ya mtumba niliyoinunua mjini, fundi akaniwekea Windows na kila kitu. Tulikuwa hatuizimi, maana kuwaka kwake ni safari.

Usiku mmoja, saa nane, nimeamka kunywa maji nasikia feni inavuma kama mtumbwi wa injini unaotoka Mwaloni Kirumba. Hakuna aliyeigusa tangu saa tatu. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu gani inaitumikisha kompyuta. Prosesa ikasoma asilimia 97, kufumba na kufumbua imeshuka hadi 4, feni kimya. Nikafunga dirisha, nikahesabu hadi kumi na tano, feni ikarudi. Nikafungua, ikanyamaza. Mara nne nimefanya hivyo, gizani, kama nacheza kombolela na panya.

Kompyuta iliyochoka haina tabia hiyo. Hao ni wachimbaji, programu zinazojificha kwenye kompyuta yako na kuzalisha sarafu za mtandaoni, hasa Monero, ambayo inachimbika kwa prosesa ya kawaida kabisa. Mashine yako, umeme wako, pesa kwa mwingine. Baadhi yao wameandikwa wasimame pale tu Task Manager inapofunguliwa.

Asubuhi nikampigia fundi yuleyule. "Kaka, hiyo virusi, ilete tuipige Windows upya, elfu thelathini." Nikamwambia nitakucheki.

Nikapakua Process Explorer, programu inayoorodhesha kila kinachoendeshwa ndani ya kompyuta, kwa undani kuliko Task Manager. Ni ya bure, kazi ya Mark Russinovich wa Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft waliinunua 2006, kwa hiyo ipo kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, usiichukue kwingine. Haisakinishwi, unafungua zipu na kubofya. Bando inayokula ni ndogo kuliko video ya harusi kwenye grupu la WhatsApp.

Bahati yangu, mgeni wangu alifundishwa kumwogopa Task Manager peke yake. Wapo wanaoikimbia na hii. Nikamwona palepale juu: svchost.exe, asilimia 92. Jina hilo ni la Windows kweli, utayaona mengi kwenye orodha, ndiyo maana watu wanalipita. Lakini svchost halali inakaa System32, folda ya Windows yenyewe. Yangu ilijikunyata ndani ya AppData, folda ambako programu huweka data za mtumiaji, haina sahihi ya Microsoft, na mstari wake ni wa zambarau, rangi wanayopewa waliobana msimbo wao usisomeke kirahisi. Nikaiagiza Process Explorer iulize VirusTotal, tovuti inayolinganisha faili na antivirus nyingi kwa pamoja, ambako inatuma alama ya faili tu, si faili lenyewe. Dakika haikuisha, namba nyekundu: antivirus 48 kati ya 71 zinasema ni mbaya.

Nikaiua. Ikafufuka kabla sijatoa mkono kwenye mausi. Nikaiua tena. Nusu saa imepotea hapo, na katika hasira nikaua kitu cha mfumo chenyewe (iliniuliza, nikajibu ndiyo bila kusoma), skrini ikawa bluu. Nilichojifunza baadaye: usiue kwanza, igandishe kwa Suspend. Mwenzake anayeilinda anaona bado ipo, anatulia, na wewe unamgandisha naye. Ndipo unaua wote wawili.

Halafu nikafungua Autoruns, ndugu yake wa Sysinternals, anayeorodhesha vyote vinavyojiwasha vyenyewe. Ukificha vya Microsoft, vinabaki vichache. Kimoja kilikuwa kazi iliyopangwa kuamka kila ninapoingia, imejipa jina la sasisho la kivinjari. Nikatoa tiki, nikafuta faili.

Swali likabaki: Defender, antivirus inayokuja na Windows, alikuwa wapi siku zote? Nikaingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya vitu alivyoambiwa asivikague. Folda ileile ipo pale. Chini yake folda nyingine, yenye kile kiprogramu cha kukraki Windows, yaani kuitumia bila leseni, ambacho fundi alitumia. Sidhani fundi alijua amebeba nini, ila mlango ndio huo. Nikaondoa zote, nikaendesha ukaguzi wa nje ya mtandao wa Defender, ule unaowasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Kama robo saa, naomba umeme usikatike. Akatoa mawili zaidi. Nywila nimebadilisha zote kwa simu, ya barua pepe kwanza.

Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu ni Kiingereza kitupu, rangi zake unazijua kwa kuzitafuta kwenye menyu, na haikufanyii kazi: inakuonyesha mwizi, kumkamata ni juu yako. Kama mikono inatetemeka, anza na ule ukaguzi wa Defender, ila angalia kwanza orodha ya vilivyosamehewa.

LUKU imerudi kawaida, mama Neema kanyamaza. Kiprogramu cha fundi kilipoondoka, kona ya chini ya skrini yakatokea maandishi ya kijivu yananitaka niisajili Windows. Leseni sijanunua bado. Neema anayafunika kwa dirisha la masomo yake.