Nimeshuti komedi nzima na Sony PD170 ya mikanda, huu ndo uzoefu wangu

Wadau mambo vipi. Naandika hii kwa sababu kabla sijanunua hii kamera nilitafuta maoni ya mtu wa huku kwetu nikakosa, nilikuwa naona wazungu tu wanazisifia kamera za zamani, na wao umeme haukatiki na kanda wanaletewa mlangoni. Mimi nimenunua, nimeshuti nayo komedi ya dakika 52, imeisha na watu wameiona, kwa hiyo angalau naongea kitu nilichokishika.

Kamera ni Sony DSR-PD170, ile ya PAL (mfumo wa video wa huku kwetu) yenye herufi P mwishoni. Kama ulikuwa unaenda kwenye masherehe miaka ile ya VCD basi ilishakumulika machoni hii. Ilitoka 2003, ina CCD tatu (vile vipande vya ndani vinavyonasa picha), inatumia kanda ndogo za MiniDV. Nimeipata hapa hapa Tanga kwa jamaa alikuwa na studio ya harusi akahamia kwenye vipuri vya bodaboda, laki tatu na nusu pamoja na begi lake, chaja, betri mbili, maiki yake ya juu, na kanda 22, nane mpya bado ziko kwenye nailoni na 14 zilishatumika. Hizo 14 zikumbuke, nitazirudia.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni kwa nini nisitumie simu. Simu ninayo na picha yake kali kuliko ya hii mashine, wala sibishi, PD170 inatoa 720 kwa 576 na simu ya kawaida tu ya siku hizi inaipita mbali. Na tulianza na simu kweli, tukashuti siku mbili, zote tukatupa. Kilichotuua ni sauti, na hapa naomba niongee kwa kirefu maana watu wengi wanaotaka kufanya komedi wanawaza picha tu.

Stori yetu ni wapangaji sita kwenye nyumba ya Kiswahili mtaa wa Ngamiani, luku moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), umeme unaisha kila siku mbili na kila mtu anaapa yeye anawasha taa tu. Kuna sehemu mwenye nyumba anawapanga wote kwenye korido anauliza nani anatumia heta. Kimya. Anawaangalia mmoja mmoja. Kimya. Halafu kutoka chumba cha mwisho, chini ya kitanda, unasikia maji ya kwenye ndoo yanaanza kuchemka. Hiyo ndo nusu ya filamu nzima, yaani tukio lote linasimama kwenye kile kimya na ile sauti ya maji. Sasa simu yangu inajirekebishia sauti yenyewe, watu wakinyamaza yenyewe inadhani haisikii vizuri inapandisha, kwa hiyo badala ya kimya unapata feni ya jirani, bodaboda ya barabara ya kumi na mbili, mtoto analia nyumba ya tatu, vyote vinapanda kama bahari, halafu maji yakichemka yameshamezwa. Tukirudia mara ya tano bado ile ile. Mtu haelewi anatakiwa acheke nini.

PD170 ina matundu mawili ya XLR, yale ya maiki za kitaalamu, unachomeka maiki ya ukweli, unaingia kwenye menyu unaiambia sauti iwe ya mkono, unaweka kiwango chako na hakiguswi na mtu. Kimya kinabaki kimya. Maiki moja tulifunga kwenye mpini wa fagio la kufutia buibui (usicheke, ni mrefu na mwepesi), nyingine tukaiweka chumbani kabisa karibu na ndoo, kila maiki na chaneli yake, kwenye kuediti nikawa napandisha maji bila kugusa korido. Siku ya kwanza kusikiliza kwenye hedifoni nilijisikia tajiri. Ila angalia kwenye menyu sauti isiwe kwenye 12 biti, ubora wake mdogo, weka 16, mimi kanda ya kwanza yote ilienda na 12 nikaja kuona baadaye kwenye kompyuta.

Sisi watu wa Tanga vichekesho tumekulia navyo, mchekeshaji mzee wetu King Majuto, marehemu Amri Athumani aliyetutoka tarehe 8 Agosti 2018, alikuwa wa hapa hapa. Ukimwangalia tena leo uangalie mara ngapi hasemi kitu. Anatoa macho tu, na wewe umeshacheka. Ule ukimya ukiuharibu kwa kelele za feni umebakiwa na mzee amesimama.

Kitu cha pili ambacho sikukitegemea ni kanda yenyewe. Kanda ya dakika 60 ukirekodi kwa DVCAM, ule mtindo wa Sony unaokimbiza kanda haraka zaidi, unapata dakika 40, tukarekodi kwa DV ya kawaida tupate saa nzima. Na kanda nane mpya zikiisha zimeisha, mjini hapa sijapata duka linalouza. Kwa simu tulikuwa tunasema "we washa tu tutachagua", matokeo yake mtu anakuja hajakariri chochote anategemea atabahatisha. Kwa kanda kila mtu anaona ile namba inatembea, anajua inakula. Tukawa tunafanya mazoezi jioni uani bila kamera siku tatu nzima, mjomba wangu aliyecheza mwenye nyumba akawa anajua mistari yake na ya wenzake, akichapia mwenzake yeye anamkumbushia kwa kumfokea huku bado yuko ndani ya uhusika, na mbili kati ya hizo fokea tumeziacha kwenye filamu maana ni nzuri kuliko nilichoandika. Matukio mengi tulimaliza mara mbili au tatu basi.

La tatu ni la kuchekesha lenyewe. Mtaani hii kamera maana yake ni harusi. Siku ya kwanza natoa begi, bibi wa nyumba ya pili kaja na kanga zake mpya, "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu, anaolewa nani?" Nikamwambia ni sinema tu bibi, akasema haya, akaingia ndani, akarudi amejipaka wanja. Kila niliyemwambia aje na nguo za nyumbani alikuja amependeza, wapangaji walioishiwa hela ya luku wote wana vitenge vya sherehe. Nilikasirika mwanzoni, kisha nikabadilisha skripti, ikawa wametoka harusini wakakuta giza. Kwa simu hakuna mtu angejisumbua hata kuchana nywele.

Kwenye giza inafanya vizuri kuliko nilivyofikiria. Sony wenyewe wanaihesabia laksi moja, yaani inatosheka na mwanga kidogo sana, na zile korido zetu za nyumba za Kiswahili, milango kushoto na kulia, mwanga unatoka mlango wa mbele na wa uani tu, kati kati pale simu ilikuwa inatoa chenga, hii ikawa inaona. Tulitumia tyubulaiti moja na shuka jeupe. Uani saa saba mchana jua la Tanga unalijua, kuna swichi ya ND, kichujio cha mwanga, ina hatua mbili unapunguza mwanga bila kubadili kitu kingine. Na picha ya 4:3, ile ya mraba mraba, kwenye korido nyembamba inakaa vizuri sana, watu wawili wanagombana mlangoni wanaijaza, huna ukuta mtupu kushoto na kulia. Ipo sehemu ya 16:9 kwenye menyu, usiiguse, inakata picha ile ile ndogo uliyonayo.

Sasa machungu. Machungu makubwa ni kutoa picha kwenye kanda kuingiza kwenye kompyuta, na hapa nimepigwa hela. Kamera inatoa video kwa fayawaya, aina ya tundu na waya wa zamani, ile wenyewe Sony wanaita i.LINK, laptopu za siku hizi hazina. Nikaenda duka moja nikaonyeshwa waya, upande mmoja fayawaya upande mwingine USB, elfu 18, "kaka hii inakubali bila shida". Haikubali. Wala haiwezi kukubali, fayawaya na USB zinaongea lugha mbili tofauti, ule waya umebadilishwa umbo la kichwa tu, ni sawa na kumvalisha mbuzi kengele ya ng'ombe ukategemea maziwa. Msinunue. Kilichonisaidia ni kompyuta ya mezani ya zamani, ile ya maofisini inayouzwa mtumba, nikaikuta ina tundu la fayawaya nyuma, elfu 90 bila kioo, nikaweka programu ndogo ya bure ya kuingizia kanda inaitwa WinDV. Na ujue kanda inaingia kwa muda wake, kanda ya saa moja ni saa moja umekaa, na inakula kama GB 13. Umeme ukikatika dakika ya 50 unajua mwenyewe utakachosema. Mimi ulikatika mara mbili, na filamu inahusu luku, mke wangu alicheka kuliko alivyocheka kwenye filamu.

Betri zilizokuja nayo zilikuwa zimekufa, moja inakaa dakika 11. Hili dogo, inatumia betri za aina ya NP-F ambazo hata zile taa za LED za wapiga video wa sasa zinatumia, kwa hiyo mpya zipo nyingi madukani.

Kuna siku ilitugomea kabisa. Nilikuwa nimeilaza kwenye ofisi ya rafiki yangu yenye AC, natoka nayo moja kwa moja kwenye joto na unyevu wetu wa pwani, ikaandika imeingia umande, haizungushi kanda hata uibembeleze. Inabidi uiache ikauke, tukakaa karibu saa nzima tunakula mihogo huku jua linaondoka. Siku hizi naitoa mapema naiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka izoee. Na vichwa vya kusomea kanda vikichafuka picha inajaa viboksi viboksi, tafuta kanda ya kusafishia, izungushe sekunde chache tu sio dakika, inasaga.

Ukishaingiza picha utaona vistari kama meno ya kitana pale mtu anapotembea haraka. Kamera haijaharibika, kanda inarekodi nusu nusu za picha 50 kwa sekunde, unazirekebisha kwenye programu ya kuediti, halafu mimi nikaikuza ifike 1440 kwa 1080 kabla ya kupandisha YouTube, nikiipandisha kwa ukubwa wake wa kawaida YouTube ilikuwa inaiminya inakuwa uji.

Gharama zote pamoja na kamera, kompyuta, ule waya wa kitapeli, na chakula cha watu 11 siku sita ni milioni moja na laki moja na kidogo. Chakula kimekula kuliko kompyuta, na usijaribu kubana hapo, muigizaji wa bure mwenye njaa hachekeshi. Habari za kibali sitaziandika ndefu, sheria ya filamu ipo tangu 1976 na ukitaka kuonyesha watu kwa kiingilio pitia Bodi ya Filamu, nenda mapema sio siku tatu kabla.

Ningeinunua tena? Kwa komedi ya watu wanaoongea ndani ya nyumba, ndio, kesho asubuhi. Kwa mtu anayetaka mandhari, magari, vitu vya kurusha angani, hapana, kaa na simu yako ila tafuta maiki. Kabla hujatoa hela fungua mlango wa kanda mara kumi, ingiza toa, ingiza toa, rekodi dakika tano urudishe uangalie kwa jicho na kwa sikio. Mlango ukisita hata mara moja ondoka, fundi wake kumpata ni kazi.

Turudi kwenye zile kanda 14. Mpya zilipoisha tukaanza kurekodia juu ya zilizotumika, na kila tulipoachia nafasi kidogo kati ya tukio na tukio ile ya zamani inachungulia. Ndo nakaa naingiza kwenye kompyuta, mjomba kamaliza kufoka kuhusu heta, sekunde moja bluu, halafu bibi harusi analishwa keki. Nikaendelea kuangalia. Nikampigia yule jamaa wa vipuri, akasikiliza maelezo ya gauni akamjua, akasema VCD yao ilishapotea muda mrefu na walishawahi kuja kumuuliza kama ana nakala. Nikawatafuta, wanaishi Pongwe, nikawapelekea kwenye flashi. Zimebaki dakika 11 tu, keki, na baba yake bibi harusi anacheza mdundiko kwa fimbo. Ndoa yenyewe, kiapo na nini, ilikuwa mwanzo wa kanda, na hapo sasa hivi kuna mjomba wangu anauliza nani kachomeka pasi.